Kila Baada ya Saa Mbili

Watu wa mtaa ule walipotaka mfano wa mwanamume aliyempenda mkewe, walimtaja fundi friji, na hawakuwa wanatia chumvi. Mkewe alipigwa na kiharusi akiwa jikoni, kikombe mkononi, na tangu siku hiyo upande wake wote wa kulia ukawa kama wa mtu mwingine. Maneno yake yote yalipotea, yakabaki mawili tu: "hapa" na "basi". Fundi alifunga karakana yake ya barabarani, akahamishia bisibisi, mitungi ya gesi na friji za watu kwenye baraza ya nyuma ya nyumba, ili akiitwa asikie. Alimlisha uji kwa kijiko cha chai na kumpangusa kidevu kila baada ya funda. Alijifunza hata kumsuka. Yeye, mwanamume wa miaka hamsini na mitatu mwenye vidole vilivyojaa makovu ya kuunguzwa na shaba, alikaa kichwani pa kitanda na kitana mdomoni, akitoa mistari minne iliyonyooka, na majirani waliokuja kumjulia hali mgonjwa walitoka wakitikisa vichwa.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka ishirini na mbili aliyekuwa anajifunza ushonaji. Fundi alimwita "mama", kwa kuwa alikuwa amerithi jina la mama yake fundi. Mchana, fundi akitoka kufuata vipuri, binti ndiye aliyebaki na mgonjwa.

Mwezi wa nane wa ugonjwa, fundi alirudi mapema siku moja. Alimkuta mkewe amelazwa ubavu, uso ukutani, machozi yanamtoka, na binti amepiga magoti nyuma yake na kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Pale mgongo unapoishia palikuwa na kidonda, upana wake kama kifuniko cha soda, katikati cheusi.

"Umemfanya nini mama yako?"

"Sijamfanya kitu, baba. Kila siku ananionyesha kwa mkono, anasema hapa, hapa. Nikawa namgeuza kidogo ili apumue. Leo ndiyo nimekiona."

"Unamgeuza tangu lini?"

"Wiki tatu sasa. Ukitoka."

Fundi aliinama akakitazama kile kidonda kwa muda mrefu. Aliponyanyuka, sauti yake ilikuwa ndogo. "Umemchubua," alisema. "Ngozi ya mgonjwa ni kama karatasi, na wewe unamvuta kama gunia. Kuanzia leo usimguse."

Binti alijaribu kusema, akakatizwa. Jioni hiyo fundi alimlaza mkewe chali, taratibu kama mtu anayelaza yai, akamzungushia mito sita, miwili kila upande, mmoja chini ya magoti, mmoja miguuni, ili asitikisike. Mkewe aliposema "hapa", alimshika mkono akamwambia atulie, hakuna atakayemsumbua tena. Zipo siku alizojaribu kumnyanyua ili abadilishe shuka, mkewe akaguna kwa maumivu, naye akamwacha palepale. Mguno ule ulimkata maini. Alikuwa tayari kwa lolote ila kuusikia.

Kidonda kiliongezeka kikawa kama kisosi, kisha kikaanza kunuka. Hospitali walimpokea, wakamsafisha, wakamtundikia dripu. Siku ya tisa akafa. Walisema sumu ya kidonda ilikuwa imeingia kwenye damu.

Msibani, ndugu walipouliza yalianzaje, fundi alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya mashemeji na mawifi wa marehemu. Binti alikuwa anapita na sinia la vikombe. "Muulizeni huyu," fundi alisema. "Mikono yake ndiyo iliyoanza."

Sebule nzima ikamgeukia binti. Alimtazama baba yake, akaendelea kumtazama mpaka watu wakaanza kuona haya, kisha akaliweka sinia chini na kutoka nje. Watu wakauchukua ukimya wake kuwa kukiri. Wiki mbili baadaye alifunga virago, akahamia mji mwingine, mwendo wa saa mbili na nusu kwa basi. Fundi hakumzuia. Miaka minne ikapita. Alisikia kwa watu kwamba binti amepata mtoto wa kike, picha akaonyeshwa kwenye simu ya shemeji yake, naye akasema tu, "Mungu amkuze."

Basi huyo ndiye mtu aliyeona tangazo kwenye ukuta wa zahanati, kwamba chuo cha mafunzo ya kuhudumia wagonjwa na wazee kinapokea wanafunzi wa umri wowote. Alilisoma mara mbili. Friji alikuwa amezichoka. Tangu mkewe afe, mikono yake haikuwa na wa kulisha wala wa kusuka, na moyoni alijiona ni mtu mwenye ujuzi uliokosa kazi. Alikwenda kujiandikisha, akiamini anafuata cheti cha kitu anachokijua tayari.

Siku ya kwanza alipoingia darasani, wanafunzi wote walisimama. "Shikamoo mwalimu," wakasema kwa pamoja. Fundi akaitika marahaba kwa mazoea, kisha akapita katikati yao na kwenda kutafuta kiti nyuma. Kicheko kilichofuata kilimsikitikia na kumkaribisha kwa wakati mmoja. Walikuwa thelathini na wawili. Ishirini na watatu walikuwa wametoka sekondari juzijuzi, na tisa walikuwa watu wazima, wenye miwani na magoti yanayolia.

Mwalimu wao alikuwa muuguzi mstaafu, wote walimwita Sista. Aliwapanga wannewanne, akahakikisha kila kikundi kina mtu mzima. "Wodini hakuna anayefanya kazi peke yake," alisema. "Kila tathmini nitamwita mmoja wenu, na simwambii mtu nitamwita nani. Atakachokijua huyo ndiyo maksi ya wote wanne. Kwa hiyo ukijua kitu na mwenzako hajui, bado hujakijua."

Kikundi cha fundi kilikuwa na msichana wa miaka kumi na tisa aliyepewa jina la Kasuku, kwa sababu alisoma kitabu kama mtu anayefukuzwa na kukirudia neno kwa neno. Kulikuwa na kijana mmoja mrefu mpaka anachekesha, Mlingoti, ambaye kila walipofanya mazoezi yeye ndiye aliyekuwa mgonjwa, miguu ikining'inia nje ya kitanda. Wa nne alikuwa Mama Pacha, mwanamke wa miaka arobaini na mitano aliyefagia wodi za hospitali kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa ameona kila kitu, ila hakukijua kwa jina.

Mwanzoni walitaabika. Vijana waliona wazee wanawachelewesha, na wazee waliona vijana wanakimbia bila kujua wanakwenda wapi. Fundi aliandika kwa penseli nene ya fundi, herufi moja moja, na Kasuku alimaliza ukurasa kabla yeye hajamaliza kichwa cha habari.

"Mzee, utaandika mpaka mgonjwa apone mwenyewe," alimwambia.

"Na wewe utasoma mpaka afe," fundi akamjibu, na Mama Pacha akacheka hadi akashika ubavu.

Baadaye wakazoeana. Kasuku alimfundisha fundi kuchora mchoro wa moyo na kuyakumbuka majina magumu kwa kuyaimba. Fundi aliwafundisha jinsi ya kunyanyua kitu kizito bila kuumiza kiuno, maana alikuwa amebeba friji maisha yake yote. Mama Pacha akisikia ugonjwa fulani unaelezwa kitabuni alisema, "Kumbe ule ndio huu," kisha akawasimulia mgonjwa aliyemwona, kitanda gani, alilalamika nini, na somo likawakaa. Walikutana kila alasiri kwenye benchi la nyuma ya chumba cha mazoezi, na fundi, ambaye kwa miaka minne alikuwa anakula peke yake, alianza kubeba chupa ya chai ya watu wanne.

Mwezi wa tatu walipewa mada ya vidonda vya kulalia.

Alasiri hiyo Kasuku alisoma ukurasa mzima bila kuvuta pumzi, halafu akafunga kitabu. "Nimekariri lakini sijaelewa. Kulala tu kunatoboaje ngozi? Mbona sisi tunalala?"

"Sisi tunajigeuza," Mlingoti alisema.

"Ndiyo, lakini kwa nini?"

Fundi aliona ni zamu yake. Alichomoa kipande cha mpira kwenye mkoba wa vifaa aliotembea nao popote, akakishika mbele yao. "Hebu angalieni hapa. Chukulia hili ni bomba la friji. Kompresa inafanya kazi vizuri, gesi ipo ya kutosha. Sasa mimi nalibana hapa katikati. Kule mbele kunafika nini?"

"Hakufiki kitu," Kasuku alisema.

"Hakufiki kitu. Kule mbele kumekufa, ingawa mashine nzima iko hai. Sasa mtu amelala chali. Mfupa wa chini ya mgongo uko juu, godoro liko chini, nyama iko katikati. Imebanwa. Damu haipiti, nyama haipati chakula, inaanza kufa. Na haianzii nje. Inaanzia ndani, kule kwenye mfupa. Ngozi ya juu bado nzima, wewe huoni kitu, mgonjwa mwenyewe ndiye anayejua. Kwa hiyo ukija kukiona kidonda kwa nje, ujue kwamba..."

Mpira ulikuwa bado umebanwa katikati ya vidole vyake.

"Ujue nini, mzee?" Kasuku aliuliza, kalamu tayari.

"Kilianza zamani," fundi alisema.

Kasuku akaandika. "Nimeelewa sasa. Na dawa yake ni kumgeuza kila baada ya saa mbili, asiachwe upande mmoja hata akilalamika. Kitabu kinasema vingi vinatoka majumbani. Watu wanamtelekeza mgonjwa kama mzigo wa stoo mpaka anaoza, halafu wanakuja kulia hospitali."

Alilisema bila ubaya, kama mtu wa miaka kumi na tisa anavyosema mambo. Fundi aliurudisha mpira kwenye mkoba. Zipu ilimshinda kufunga, akauacha mkoba wazi, akasema kichwa kinamgonga, akaondoka. Chupa ya chai aliisahau kwenye benchi.

Hakwenda nyumbani. Alimngoja Sista kwenye ukumbi, nje ya chumba cha walimu.

"Sista, namuulizia mtu fulani," alisema. "Mgonjwa alilala chali miezi saba. Halafu mtu mmoja akawa anamgeuza kwa siri, mara moja kwa siku. Baada ya wiki tatu kidonda kikaonekana. Aliyemgeuza ndiye aliyekileta?"

"Hapana. Kilikuwepo chini kwa chini. Huyo alikuwa anakichelewesha."

"Na huyo akikatazwa?"

Sista alikuwa anafunga mlango. Aliuacha ufunguo kwenye kitasa. "Mtu mwenyewe ni nani, fundi?"

"Ni wa mtaani kwetu."

"Basi mwambie alifanya kwa kadiri alivyojua. Watu hawafundishwi mambo haya."

"Binti alijua, bila kufundishwa," fundi alisema. "Na mgonjwa mwenyewe alijua. Alikuwa anasema hapa. Alilisema hilo neno mpaka likamwishia."

Siku tisa hakuonekana chuoni. Simu yake iliita bila kupokewa. Tathmini ilikuwa imekaribia na kikundi kilikuwa na watu watatu, kwa hiyo Jumamosi asubuhi walimfuata nyumbani, Mama Pacha mbele, Mlingoti akiinama kila mlango.

Aliwafungulia akiwa na ndevu za wiki nzima. Sebuleni, badala ya makochi, kulikuwa na kitanda kilichotandikwa vizuri, na juu yake mito, mtu angeweza kuihesabu: miwili huku, miwili kule, mmoja katikati, mmoja miguuni. Hakuna aliyeuliza. Fundi aliketi kwenye kigoda akawasimulia yote, tangu kikombe kilichoanguka jikoni mpaka sinia la vikombe msibani. Alisimulia kwa utaratibu, kama mtu anayeeleza friji ilivyoharibika.

Kasuku alikuwa anang'ang'ania mkanda wa mkoba wake. "Mzee," alisema mwishowe, "yale maneno yangu ya siku ile..."

"Yalikuwa kweli."

"Hayakuwa kweli. Wewe hukumtelekeza."

"Ningemtelekeza ingekuwa nafuu," fundi alisema. "Ningemtelekeza, binti yangu angepata nafasi ya kumgeuza. Mimi nilimlinda. Nilikaa pale kama askari, nikahakikisha hakuna anayemsaidia."

Kasuku akaanza kulia kimyakimya. Mlingoti alitazama sakafu. Mama Pacha aliinuka, akakusanya vikombe vilivyokuwa vimezagaa, akaenda kuviosha jikoni, akarudi akijipangusa mikono kwenye gauni.

"Sikuja kukubembeleza," alisema. "Nimeona wake na waume wengi wamekaa nje ya wodi wakisema hivyo unavyosema, na sijawahi kupata neno la kuwaambia. Tathmini ni Jumatano. Usipokuja tunaanguka wote. Nyoa ndevu, kaka yangu."

Jumatano alikuja. Sista alipofika kwenye kikundi chao, aliangalia orodha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akamwita fundi.

Mlingoti alipanda kitandani akalala chali. Fundi alinawa mikono. Alimweleza mgonjwa anachotaka kumfanyia kabla ya kumgusa, kama walivyofundishwa. Akamkunja goti, akamvusha mkono kifuani, akamwomba Kasuku ashike shuka upande wa pili, akamgeuza bila kumburuta, akamwekea mto nyuma ya mgongo na mwingine katikati ya magoti. Akakagua kisigino, nyonga, bega, sikio. Alieleza sababu ya kila hatua, na hakutaja friji.

"Swali la mwisho," Sista alisema. "Umemkuta ndugu hataki mgonjwa ageuzwe, kwa kuwa analia. Utamwambiaje?"

Fundi alisimama na mkono juu ya shuka. Wanafunzi wengine walidhani amesahau.

"Nitamwambia mimi namgeuza," alisema, "lakini ashike yeye upande wa pili."

Walipata maksi za juu kuliko vikundi vyote. Hakuna kati yao aliyeshangilia. Mlingoti, aliyekuwa bado amelala ubavu na uso ukutani, aliambiwa mara mbili ashuke kitandani ndipo akashuka.

Kuanzia hapo Mama Pacha alikuwa na swali moja kila Ijumaa. "Umemwambia binti?" Na fundi alijibu, "Bado." Alisema anangoja mitihani. Mitihani ikapita, akasema anangoja mazoezi ya wodini. Mazoezi yakaisha, akapata cheti, akaajiriwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee pamoja na Kasuku, akasema anangoja azoee kazi. Mama Pacha akamwambia, "Wewe unaogopa." Fundi akakubali kwamba anaogopa. Ilimchukua miezi saba tangu siku ya lile benchi.

Binti aliishi chumba na sebule nyuma ya duka la vitambaa. Alikuwa ameketi kwenye cherehani, sare za shule zimerundikana mpaka kiunoni. Alipomwona baba yake mlangoni aliuondoa mguu kwenye pedali, akasimama. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa na uso wa mama yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu ukae."

Alisogeza sare, akampisha kwenye kiti. Msichana wa miaka mitatu alichungulia kutoka chumbani, akamnyooshea fundi kidole. "Huyu nani?"

"Ni mgeni," binti alisema. "Msalimie, halafu rudi ukacheze."

Fundi alipokea salamu ya mjukuu wake kama mgeni. Alikuwa amejiandaa njia nzima, akayasema yote mfululizo, macho kwenye mikono yake: chuo, kikundi, kidonda kinavyoanzia mfupani, alichoambiwa na Sista. "Haikuwa mikono yako," alimaliza. "Ilikuwa yangu. Nilikusingizia mbele ya watu, mwanangu, na nimekuja kusema hivyo."

Binti hakushtuka. Alichukua sare moja, akaanza kufumua uzi ambao haukuwa na kosa.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Najua haikuwa mimi. Nesi aliyemsafisha mama siku ya kwanza aliniuliza mnamgeuza baada ya muda gani. Nikamwambia hatumgeuzi. Akanieleza yote. Alitaka akuite na wewe akueleze, nikamshika mkono nikamsihi asikwambie."

"Kwa nini?"

"Ungekufa, baba. Ulikuwa huli, hulali. Nilijua ukilisikia lile neno tutazika wawili." Alivuta uzi, ukakatika. "Pale msibani nilikuwa nalo hapa mdomoni. Sentensi moja tu. Nikakutazama, nikaona nikikwambia hutanyanyuka kwenye ule mkeka. Nikalimeza."

Miaka minne na ushee fundi alikuwa amekula, amelala, amesifiwa mtaani, kwa sababu ya neno ambalo mtoto wake alikuwa amelimeza.

"Ningejua..." alianza.

"Sikukasirikia lile, baba," binti alimkatiza, bado kwa upole. "Ulikuwa na msiba, nikasema atatulia, atanikumbuka, atakuja. Nilijifungua, nikasema sasa atakuja. Nilikuwa nangoja uje ukiamini kwamba ni mimi niliyemuua mama, lakini uje tu, kwa kuwa mimi ni mtoto wako. Sasa umekuja kwa sababu umejua sina kosa."

Nje mtu alipita akiuza mifagio, akaita mpaka sauti ikaishia kona.

"Hebu niambie kitu kimoja," binti alisema. "Kama kweli ningekuwa nimemchubua, ungekuja?"

Fundi alijua jibu analotakiwa kutoa. Lilikuwa fupi na lingetoka kirahisi. Alitafuta ndani yake kama linapatikana, akatafuta kwa uaminifu.

"Sijui," alisema.

Binti akakubali kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepimiwa kitu na kukuta kipimo ni kilekile alichokipima mwenyewe. Akaenda kuchemsha chai. Wakanywa. Walizungumzia mvua, na bei ya uzi, na mtoto anavyokataa kulala mchana. Saa kumi fundi akaaga.

Alirudi mwezi uliofuata, na uliofuata tena, kila Jumamosi ya mwisho. Binti hakumkaribisha wala hakumfukuza. Mtoto alianza kumwita "mgeni", akidhani ndilo jina lake, na hakuna aliyemsahihisha. Kazini, Kasuku alimuuliza habari za huko, naye akajibu kwamba wanakunywa chai. Ndani ya basi alijaribu kulitunga upya jibu la lile swali. Alipata majibu mengi mazuri, na yote yalikuwa ya uongo.

Mara ya tano alikuta mlango umefungwa. Jirani akatoka na ufunguo. "Ameenda kupeleka sare shuleni. Kasema ukifika upewe."

Fundi aliingia, akakaa ukingoni mwa kiti. Hakugusa kitu. Alitazama viatu vidogo vya mtoto chini ya cherehani, kimoja kimelalia kingine. Alikunywa maji, akakiosha kikombe, akakifuta, akakirudisha kilipokuwa. Saa kumi ilipofika akaona huenda ameachiwa ufunguo kwa adabu tu, ili asisimame juani, na kwamba binti anachelewa kwa makusudi ili asimkute. Akafunga mlango, akarudisha ufunguo, akaenda kituoni.

Simu iliita akiwa amekwishapanga foleni.

"Mbona hukusubiri?" binti aliuliza.

"Sikujua kama nisubiri."

"Sasa ufunguo nilikuachia wa nini?"

Basi lilikuwa limewasha injini na kondakta anapokea mizigo ya watu. Fundi alitaka kusema anarudi. Badala yake alisikia mdomo wake ukisema, "Nina zamu kesho alfajiri, mama. Hili ndilo basi la mwisho."

Kwenye simu alisikia mtoto akiuliza mgeni yuko wapi.

"Haya," binti alisema. "Safari njema."

Alipanda. Walipofika nje ya mji aliinuka kwenye kiti, akamwendea dereva, akasimama nyuma yake ameshika chuma, na dereva alipomuuliza anashuka wapi, hakuwa na kituo cha kutaja, kwa kuwa pale palikuwa mashamba tu na hakuna gari la kumrudisha. Akarudi akakaa. Kesho yake alfajiri aliingia zamu, akaanza na kitanda cha kwanza, na Kasuku akashika upande wa pili wa shuka bila kumuuliza chochote.

Mwezi uliofuata alikwenda tena. Binti alikuwepo, cherehani inalia. Fundi alimwambia kwamba siku ile angepaswa kushuka. Binti akamjibu bila kuinua uso kwamba ndiyo, angepaswa, kisha akamwomba amshikie ncha ya kitambaa akikate. Akamshikia.